Jua Lilikuwa Linawaka, Mbona Hatukushuka Santorini?

Swali: "Mwezi Agosti nilimchukua mama yangu, mwenye miaka 71, tukapanda meli ya kitalii kwa safari ya siku saba kwenye visiwa vya Ugiriki. Safari yenyewe tuliichagua kwa ajili ya Santorini tu. Siku ya nne tuliamka tukakiona kisiwa kwa macho yetu, nyumba nyeupe juu ya majabali, jua kali, mbingu haina hata wingu. Saa mbili asubuhi kapteni akatangaza kwamba upepo hauruhusu kushuka. Meli ikageuza, tukashinda baharini. Kutoka kwenye roshani yetu bahari ilikuwa imetulia kabisa. Abiria wenzetu walisema ni ujanja wa kampuni kukwepa ada za bandari na kujaza kasino. Mama alijifungia chumbani akalia. Je, ni kweli ilikuwa hali ya hewa? Mbona hatukusubiri mpaka mchana, au tukapelekwa kisiwa kingine? Na tuna haki ya kudai nini? Tulirudishiwa fedha kidogo bila maelezo yoyote."

Jibu:

Ndugu yangu, pole sana, na mama mfikishie shikamoo yangu. Nimefanya kazi ya ofisa wa sitaha kwenye meli za kitalii kwa miaka mingi, na matangazo ya namna hiyo nimeyasikia nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa kapteni anayeyatoa. Sijawahi kumwona mtu akifurahi mle ndani. Nitakujibu kwa kirefu, maana mama ana haki ya kujua ni kitu gani hasa kilichomkosesha safari yake.

Kwa maelezo uliyonipa, naamini ilikuwa hali ya hewa kweli. Tena lile jua kali ambalo wenzenu walilitumia kumshtaki kapteni, kwangu mimi linamtetea.

Bahari ya Aegean ina upepo wake wa kiangazi ambao Wagiriki wanauita meltemi. Unavuma kutoka kaskazini, na unashika nguvu hasa Julai na Agosti. Chanzo chake ni tofauti ya mgandamizo wa hewa: hewa nzito inakaa juu ya nchi za Balkani, hewa nyepesi iko juu ya Uturuki ambako ardhi imechemka kwa joto, na kati yake bahari inageuka njia ya kupitisha upepo. Hewa hiyo ni kavu, kwa hiyo haileti mawingu wala mvua. Inafagia mbingu ikabaki bluu tupu. Unaweza kuvuma siku tatu au tano mfululizo, ukafika kilomita 60 kwa saa na kupita, na muda wote huo watu wanaota jua kando ya bwawa la kuogelea. Tumezoea kuona dhoruba ikija na giza na ngurumo. Meltemi haina dalili hizo.

Santorini yenyewe ni mdomo wa volkano uliojaa maji ya bahari. Majabali yake yanasimama wima kiasi cha mita 300, na upepo ukishapanda mgongo wa kisiwa hudondoka upande wa pili kwa vishindo: dakika hii kimya, dakika ijayo kishindo kinachoweza kuisukuma meli nzima pembeni. Nahodha anaweza kuustahimili upepo mkali unaovuma kwa kasi moja, kwa sababu unapangika. Vishindo havipangiki.

Sasa roshani yenu. Meli inaposogea mahali pa kushushia abiria, kapteni huigeuza ili mwili wake ukinge upepo. Upande upepo unakotoka, ambao mabaharia wetu wanauita joshini, maji yanachafuka. Upande wa pili, demani, maji hutulia kama ya kisimani, lakini kwa umbali mfupi tu kutoka kwenye ubavu wa meli. Ikiwa chumba chenu kilikuwa demani, basi bahari mliyoiona imetulia ilitulizwa na meli yenyewe. Ongeza na kimo. Kutoka sitaha ya tisa au ya kumi, wimbi la mita moja na nusu linaonekana kama mkunjo kwenye shuka. Kwa mtu aliyesimama kwenye mlango wa kushukia, karibu na usawa wa maji, wimbi hilohilo linamfika kifuani.

Hapo mlangoni ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika. Santorini haina gati la meli kubwa za kitalii, na ndani ya volkano ile maji yana kina cha mamia ya mita, kiasi kwamba meli nyingi hazitii nanga kabisa. Zinajishikilia mahali pamoja kwa injini. Abiria wanashushwa kwa boti mpaka bandari ya zamani iliyo chini ya mji wa Fira, halafu wanapanda juu kwa gari la kamba, lile linaloning'inia kwenye waya, au kwa ngazi za mawe zaidi ya 500.

Tazama boti ikifika. Imefungwa kamba mbili, omo (mbele) na tezi (nyuma), ili isiende mbele wala nyuma, lakini hakuna kamba inayoweza kuizuia kupanda na kushuka. Meli ni nzito mno, wimbi dogo haliitikisi. Ndiyo maana nyinyi huko juu kahawa haikumwagika. Boti ni nyepesi, inakwenda na kila wimbi. Sakafu yake inapanda mpaka inapita kizingiti cha mlango, inakaa hapo sekunde moja, halafu inazama mpaka abiria anaangalia paa lake. Kati ya boti na chuma cha meli kuna pengo linalofunguka na kufumba. Mipira ya kukinga inabanwa mpaka inalia. Mabaharia wawili wanamshika abiria juu ya kiwiko, huku na huku, na mmoja anasoma mawimbi: ngoja, ngoja, bado, sasa! Kijana anaruka. Mama wa miaka 71, mwenye fimbo mkononi na pochi begani, anasita nusu sekunde. Kwa hiyo nusu sekunde mguu unaweza kuingia kwenye pengo.

Mtu mmoja akivushwa hivyo ni kazi ya kawaida. Sasa zidisha kwa 2,500. Kwa boti ya watu 100, hizo ni safari 25 za kwenda, na 25 nyingine za kurudi. Na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko pengine popote katika jibu hili. Kapteni anayefikia mlango wa Santorini saa moja asubuhi anaweza kuwa na uhakika kabisa wa kuwashusha watu wake. Kinachomnyima usingizi ni saa kumi na moja jioni. Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na hesabu ya kapteni huanzia hapo kwenye marejeo. Meltemi kwa kawaida huzidi kadiri mchana unavyopanda, wakati abiria wote wako nchi kavu, nusu yao wamepanga foleni ya gari la kamba juani. Asubuhi ya upepo wa kilomita 35 kwa saa inaweza kugeuka jioni ya kilomita 60. Na gari la kamba nalo husimamishwa upepo ukizidi.

Nimeliona hilo likitokea, kwenye bandari nyingine ya boti, na kampuni sitaitaja. Utabiri ulikuwa wa wasiwasi, tukashusha watu kiasi cha mia sita, kisha upepo ukageuka saa sita mchana. Tulisimamisha kushusha tukaanza kurudisha. Kazi ambayo ingechukua saa mbili ilichukua mpaka saa nne usiku, kwa sababu kila boti ilibidi isubiri utulivu kidogo kati ya kishindo na kishindo, na mara mbili tulilazimika kuigeuza meli nzima ili tupate demani mpya. Watu walikaa kwenye sakafu ya gati wakiwa na nguo nyepesi za ufukweni, watoto wamelala mapajani. Nilikuwa mlangoni. Bibi mmoja, wa umri kama wa mama yako, nilimshika mkono mwenyewe. Boti ilidondoka chini yake wakati mguu mmoja ulikuwa umeshaingia kwetu, akaanguka ndani kwa goti, na kifundo chake cha mguu kikavunjika. Alinishukuru. Mpaka leo shukrani ile inaniuma, kwa maana asubuhi ile tulikuwa na namba zilizotosha kutuambia tusifungue mlango.

Kwa hiyo ninapomsikia kapteni akitangaza saa mbili asubuhi kwamba hatushuki, huku jua linawaka, nasikia mtu aliyeitazama jioni kabla haijafika.

Kwenye bandari zenye gati, hesabu ni nyingine, lakini upepo ni uleule. Meli ya kitalii ya leo ni jengo la ghorofa lililolala ubavu. Ubavu wake ulio juu ya maji unaweza kufika mita za mraba 10,000 au zaidi. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya takriban kilo sita. Kwa ubavu mzima ni kama tani 60. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu haiongezeki maradufu. Inaongezeka mara nne, kwa hiyo upepo wa kilomita 72 kwa saa unasukuma kwa tani 240 hivi. Rafadha za pembeni zilizoko omo, yaani mapanga ya kuisukuma meli kwa ubavu, zina kikomo chao, na matagi, zile meli ndogo za kuvuta, hayapatikani kila bandari. Hata ukishafunga kamba bado hujamaliza: tarehe 27 Agosti 2023 huko Palma, kisiwani Mallorca, meli ya Britannia ilikuwa imeshafungwa gatini wakati dhoruba ya ghafla ilipokata kamba zake, ikasukumwa mpaka ikagonga meli ya mafuta iliyokuwa jirani. Wachache waliumia kidogo. Ni meli yenye urefu wa mita 330, na ilisogezwa kama jani.

Kuna sababu nyingine ya kuruka bandari ambayo abiria huikubali kwa shida kuliko hata meltemi, nayo ni mawimbi yanayotoka mbali. Dhoruba inaweza kuwa imepiga kilomita elfu mbili kutoka mlipo, imekwisha, imesahauliwa. Mawimbi yake yanaendelea kusafiri. Wimbi ambalo kilele na kilele chake vinapishana kwa sekunde 14 husafirisha nguvu yake karibu kilomita 900 kwa siku, kwa hiyo linawafikia siku ya pili au ya tatu, pasipo upepo hata wa kupeperusha leso. Linapita kimyakimya chini ya meli. Likifika maji haba ya karibu na nchi kavu linainuka, na boti inacheza vilevile kama nilivyoeleza. Huko George Town, kisiwa cha Grand Cayman katika Bahari ya Karibi, ambako nako abiria hushushwa kwa boti, bahari ya upande wa magharibi ikichafuka meli huhamia upande wa kusini, mahali panapoitwa Spotts, zikashushia huko. Wakati mwingine pande zote mbili hazifai, meli zinapita.

Kumbuka pia kwamba wakati mwingine kapteni hana hata nafasi ya kuamua. Bandari nyingi haziruhusu meli kubwa kuingia bila rubani wa bandari, yaani mwongoza meli anayeyajua maji ya pale, na rubani anapanda kwa ngazi ya kamba inayoning'inia ubavuni, kutoka kwenye boti ndogo. Boti yake isipoweza kufanya kazi, bandari kwako imefungwa. Huko Marekani, kimbunga kinapokaribia, Walinzi wa Pwani hupandisha tahadhari za bandari kwa hatua, saa 72, 48, 24 na 12 kabla ya upepo mkali kufika, na hatua ya mwisho hufunga bandari kabisa.

Umeuliza mbona hamkusubiri. Sehemu ya jibu nimeshakupa: kwa kawaida mchana wa meltemi ni mbaya kuliko asubuhi yake. Sehemu nyingine ni ratiba. Santorini hugawa nafasi za meli mapema, na kisiwa kimeweka ukomo wa abiria 8,000 wa meli za kitalii kwa siku, kwa hiyo meli haiwezi tu kujitokeza kesho yake ikasema tumerudi. Halafu kuna bandari iliyokuwa inafuata. Meli ikichelewa kuondoka lazima ikimbie zaidi ili iwahi, na mafuta hayapandi kwa kiasi kilekile cha mwendo. Kuongeza kasi kidogo tu kunadai nguvu nyingi ya injini. Kuna wakati hata ukiwa tayari kuyachoma hayo mafuta, umbali unakataa.

Kisiwa kingine nacho si jambo la kugeuza usukani tu. Lazima kuwe na nafasi ya kufunga au kushushia, maji yenye kina cha kutosha, wakala wa meli anayeweza kuandaa walinzi na mabasi kwa saa chache, na wakati mwingine maofisa wa uhamiaji. Tena upepo uliowafukuza nyinyi umezifukuza na meli nyingine zote za eneo hilo, na zote zinapiga simu kwa bandari zilezile mbili au tatu zilizokingwa. Atakayewahi ndiye atakayepata. Na siku ya meltemi kali, kisiwa cha Mykonos hakina nafuu kuliko Santorini. Hapa nikubali jambo moja: kuna makapteni na ofisi wanaojipanga vizuri, wameshaweka akiba ya bandari mbadala siku tatu kabla utabiri haujawa mbaya, na kuna wanaongoja mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Siwezi kujua wenu walikuwa kundi gani. Lakini kama tangazo lilitolewa mkiwa mmeshafika mbele ya kisiwa, basi angalau walijaribu, na mafuta ya kufika pale walishayachoma.

Hilo linanileta kwenye ujanja wa kasino. Ni kweli kwamba duka na kasino hufungwa meli ikiwa bandarini mahali pengi, na siku ya kushinda baharini watu hutumia fedha zaidi melini. Ni kweli pia kwamba ada za abiria za bandari iliyorukwa mara nyingi hazilipwi. Lakini ada hizo hurudishwa kwa abiria, au zinapaswa kurudishwa. Na kampuni inapoteza mapato ya matembezi ya nchi kavu, ambayo ni miongoni mwa mauzo yake makubwa, tena katika bandari inayouza safari nzima. Watu wananunua safari ya Aegean kwa picha ya Santorini. Hakuna mkurugenzi wa biashara anayetaka kuifuta.

Zaidi ya hapo, sheria inamlinda kapteni. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ambao ulizaliwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama na unatumika leo kwa toleo la 1974 pamoja na marekebisho yake, unasema katika sura ya tano kwamba mwenye meli, mkodishaji au kampuni hawaruhusiwi kumzuia nahodha kufanya uamuzi ambao kwa utaalamu wake anauona ni wa lazima kwa usalama wa watu na mazingira ya bahari. Simu kutoka ofisini hupigwa, nisikufiche, na shinikizo lipo. Ila mara nyingi linasukuma upande wa kwenda, si wa kuacha. Mwezi Februari 2016 meli ya Anthem of the Seas iliondoka New Jersey kuelekea Florida ikakutana na dhoruba kali mno karibu na Cape Hatteras, rasi ya pwani ya mashariki ya Marekani. Abiria walijifungia vyumbani kwa saa nyingi, samani zikavunjika, na meli ikarudi ilikotoka. Abiria walirudishiwa nauli yote. Ukitaka kujua hasara ya kweli ya kampuni ni ipi, ni ile, wala si siku moja ya Santorini.

Wakati mwingine bandari huachwa kwa sababu ya hitilafu ya injini inayopunguza mwendo, au mgonjwa anayehitaji hospitali. Hapo tangazo linapaswa kusema hivyo, na madai yako kwa hitilafu ya injini yana nguvu zaidi kuliko kwa upepo. Ndiyo maana nakushauri uwaandikie kampuni uombe sababu kwa maandishi. Swali liwe fupi: sababu ya kutoshuka Santorini tarehe fulani ilikuwa nini, na kiasi tulichorudishiwa kimekokotolewa vipi?

Zile fedha kidogo bila maelezo karibu hakika ni ada za bandari. Zikague. Tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza ada kwa kila abiria wa meli ya kitalii anayeshuka, na kwa Santorini na Mykonos msimu wa kiangazi ni euro 20 kwa mtu. Kama ada hiyo mlilipishwa ndani ya bei yenu na hamkushuka, irudi, na juu yake sehemu nyingine za ada za bandari. Matembezi mliyonunua kwa meli yenyewe hurudishwa yote bila kuomba. Mliyonunua kwa watu wa nje yanafuata masharti yao. Wengi wanaohudumia abiria wa meli hurudisha fedha meli isipofika, lakini lazima uwaandikie.

Kuhusu nauli, inategemea ulinunulia wapi. Karibu kila mkataba wa tiketi unampa kapteni ruhusa ya kubadilisha au kuruka bandari bila kulipa fidia, na kwa anayenunua Marekani mara nyingi hadithi inaishia hapo. Ukiwa umenunua safari kama kifurushi, yaani usafiri na malazi kwa pamoja, ndani ya Umoja wa Ulaya, Agizo la Umoja huo namba 2015/2302 kuhusu safari za namna hiyo linatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Fidia ya usumbufu na uchungu hupati ikiwa chanzo ni hali isiyoepukika kama upepo. Punguzo la bei kwa huduma iliyoahidiwa na haikutolewa ni jambo tofauti, nalo halifutwi na ukweli kwamba kampuni haikuwa na kosa. Uingereza ina kanuni za 2018 zinazofanana na hizo. Kampuni itajibu kwamba mkataba uliruhusu mabadiliko madogo na kwamba siku ile mlilishwa na kuburudishwa. Wewe jibu kwamba hayakuwa madogo: toa tangazo la safari lililoiweka Santorini mbele, na barua pepe ya ununuzi. Usidai nauli nzima. Dai sehemu ya haki ya siku moja kati ya saba, na utaeleweka vizuri zaidi.

Kama mlikuwa na bima ya safari, isomeni tena. Baadhi ya bima zina kipengele cha kulipa kiasi maalumu kwa kila bandari iliyorukwa kwa hali ya hewa, na hudai barua ya meli inayothibitisha. Barua hiyo huombwa mapokezi kabla ya kushuka siku ya mwisho, wakati kila kitu bado ni kibichi. Nyinyi mmeshashuka, ila kampuni bado inaweza kuitoa ukiiomba.

Na mama? Kama bado anaitamani Santorini, nisingempeleka tena kwa meli ya kitalii mwezi Agosti. Nenda mwishoni mwa Mei, au mwishoni mwa Septemba, meltemi ikiwa haijashika au imeshalegea. Kisiwa kina uwanja wa ndege. Kina pia gati la feri zinazotoka Piraeus, bandari ya Athens, ambako abiria hutembea kwa miguu yake juu ya mlango mpana wa chuma, bila kuruka kwenye boti. Upepo ukizidi hata feri huzuiwa, lakini kwa miezi hiyo si mara nyingi. Mkitaka lazima iwe meli ya kitalii, kabla ya kulipa uliza kila bandari kama ni ya gati au ya boti, na tafuteni ratiba ambayo bandari mnayoipenda ina usiku mzima, si saa sita. Chukua chumba Fira, karibu na gari la kamba, asilazimike na zile ngazi. Akilala huko siku tatu, upepo ukimnyang'anya moja atabaki na mbili.